Juu dhahabu, chini hamna: kutafuta chanzo cha tatizo kwenye mwamba uliooza, Chunya na jirani zake

Malalamiko ya huku Chunya, kwenye machimbo madogo ya dhahabu mkoani Mbeya, ni yale yale kila msimu. "Duara lilikuwa linatoa vizuri, tumefika kwenye maji limekata." "Udongo wa juu ulikuwa na chenga za kutosha, tumeshusha mita tatu hamna kitu." "Maabara wanasema gramu nane kwa tani, karai linasema sifuri." (Duara ni shimo la kuchimbia, chenga ni punje ya dhahabu, karai ni la kuoshea mchanga.) Kinachofuata unakijua, mwenye duara anamlaumu mtu wa karasha (mashine ya kusaga mawe), mtu wa karasha anamlaumu aliyesimamia mwalo (mfereji wa mteremko wa kunasia dhahabu), na wote wakishachoka kutukanana mtu anatumwa kwa mganga na kuku mweusi. Mi sina ugomvi na waganga, ila kabla hujanunua kuku jiulize swali moja: hapa nilipo mwamba umeoza kiasi gani, na huko kuoza kumeifanyia nini dhahabu? Nusu ya matatizo ninayoyasikia kuanzia Sangambi mpaka Matundasi majibu yake yako hapo.

Na wale wazee wanaosema dhahabu inatembea hawajakosea sana, wanachokosea ni kasi. Inahama kweli, lakini kwa maelfu na mamilioni ya miaka, haihami usiku mmoja eti kwa sababu mtu kaingia na viatu.

Kwanza jua uko tabaka gani

Dhahabu ya Lupa (ndo eneo zima la dhahabu la Chunya) ilikuja na maji ya moto yaliyopita kwenye mipasuko ya miamba, zamani mno, karibu miaka bilioni 1.9 iliyopita. Ikakaa kwenye jiwe jeupe la kwazi na pembeni yake, pamoja na pairaiti (ile ya njano inayowadanganya wageni), madini ya shaba, risasi kidogo, na fedha (silva, sio hela). Hiyo fedha imechanganyika humo humo ndani ya chenga ya dhahabu. Ndo hali ya mwamba mzima, yani mwamba mbichi.

Sasa hewa na mvua vikaingia. Pairaiti ni chuma na salfa, ikikutana na maji yenye hewa inaoza, chuma kinakuwa kutu na salfa inatengeneza asidi, asidi ile inakula mawe mengine na kuyafanya udongo wa mfinyanzi, na dhahabu iliyokuwa imefungwa ndani ya pairaiti inabaki huru. Kwa hiyo kutoka juu kwenda chini huwa unakutana na udongo wa shamba, halafu udongo mwekundu wenye vikokoto vya kutu, halafu mfinyanzi wenye mabaka mekundu na meupe, halafu jiwe lililooza ambalo bado unaona michirizi yake ya zamani lakini unalikata kwa sururu, halafu eneo la mchanganyiko karibu na maji, na mwisho jiwe bichi la kijivu ambalo sururu inaruka. Sio kila duara lina yote, sehemu za miinuko mvua imeshakwangua ya juu, mabondeni yamefunikwa na udongo wa kuja.

Chukua daftari, andika kwenye duara lako kila tabaka linaanzia mita ngapi na maji uliyakuta wapi mwezi gani, maana Machi maji yako juu na Oktoba yameshuka, na eneo hilo yanapopanda na kushuka ndipo mambo mengi yanapotokea. Bila hilo daftari yote yanayofuata hapa chini utakuwa unabahatisha.

Dalili: udongo wa juu una dhahabu nzuri, ukishuka mita mbili tatu hamna

Hii ndo inayofilisi watu wengi, na ina sababu kama nne ambazo zinafanana kwa macho.

Ya kwanza, dhahabu yako sio ya hapo. Mwamba (mkanda wa jiwe wenye dhahabu) uko juu mlimani, ulioza, vipande vikaanza kuteremka na udongo kidogo kidogo kila masika, vizito vikabaki kwenye kokoto za chini ya udongo na vyepesi vikaenda zao mtoni. Dhahabu ina uzito mara 19.3 ya maji, kwazi 2.65 tu, kwa hiyo kila kinapooshwa kinachobaki kinazidi kuwa tajiri. Kumbuka ilivyoanza Lupa yenyewe: dhahabu iligunduliwa 1922, na kwenye ile rashi (watu kumiminika kutafuta dhahabu) ya miaka ya 1930 sehemu kubwa ya watu walikuwa wanaosha changarawe za vijito na udongo wa miteremko, sio kupasua mwamba. Ukichimba chini ya udongo wa namna hiyo unakutana na jiwe ambalo halijawahi kuwa na dhahabu, na hapo hata ushushe mita hamsini ni kaburi la hela.

Jinsi ya kujua: weka chenga kwenye kioo cha kukuzia au simu yenye kamera nzuri, angalia umbo. Ikiwa na kingo kali, imekunjamana, na bado jiwe jeupe limeng'ang'ania, haijasafiri mbali. Ikiwa imepondeka bapa na kingo zimelainika, imetoka mbali au imepita mtoni. Angalia na mawe yaliyo nayo kwenye karai, vipande vya kwazi vyenye pembe ni majirani wa mwamba, vya mviringo ni wasafiri.

Ya pili, hujakosea sehemu ila utajiri wa juu ni wa kubaki. Tani moja ya mwamba yenye gramu mbili ikioza na nusu ya uzito wake ikayeyuka na kuondoka na maji, kilichobaki ni kilo 500 zenye gramu zile zile mbili, yani gramu nne kwa tani bila dhahabu mpya kuingia hata punje. Ni kama kupepeta, mchele haukuongezeka, ungo tu ndo umekuwa mwepesi. Kwa hiyo ukipata nne juu na mbili chini hujapoteza mwamba, uko kwenye mwamba wenyewe wa kweli, ila hesabu yako ya mafuta na chakula cha vijana uliipiga kwa nne, hilo ndo tatizo.

Ya tatu ni ngumu zaidi na ndo watu hawaiamini: dhahabu yenyewe iliyeyuka. Tumefundishwa dhahabu haishiki kutu, ni kweli, lakini ikipata maji yenye oksijeni na mwenza wa kuishika inaingia kwenye maji, taratibu mno. Kule Australia Magharibi maji ya ardhini yana chumvi kali na asidi, klorini ya ile chumvi inaibeba dhahabu vizuri sana, ndo maana wana maeneo mengi ambako chini ya udongo mwekundu kuna mita na mita za jiwe lililooza lisilo na kitu, halafu chini yake dhahabu inarudi. Maji yetu huku ni baridi, sio ya chumvi, kwa hiyo kazi hiyo inafanywa zaidi na mazao ya pairaiti ambayo haijamaliza kuoza (salfa ikiungana na oksijeni nusu nusu inatengeneza kitu kinachoshika dhahabu) pamoja na tindikali za mizizi na majani yaliyooza. Halafu kuna bakteria. Mwaka 2006 watafiti wa Australia walionyesha kwamba bakteria anayeitwa Cupriavidus metallidurans anaishi juu ya chenga za dhahabu, na wao wanaona anasaidia kuirudisha kuwa dhahabu ngumu kutoka kwenye maji. Ukimweleza mtu hilo site anakucheka.

Kwa hiyo inawezekana udongo wa juu una dhahabu, katikati kumelambwa, na chini kidogo ya hapo au karibu na maji imetua tena. Dalili zake ni jiwe la kwazi lenye matundu matundu ya mraba yenye kutu ndani, hapo palikuwa na pairaiti ikaoza ikatoka. Ukiona matundu hayo na karai halina kitu usifunge duara siku hiyo hiyo. Chukua sampuli kila mita moja ukishuka mpaka upite eneo la maji, halafu ndo uamue. Na usishuke kwa imani tu, kama ni mfinyanzi mweupe tupu bila jiwe jeupe, bila kutu, bila matundu, wewe hupo kwenye mwamba wenye dhahabu, uko kwenye granaiti iliyooza, rudi kwenye sababu ya kwanza.

Ya nne ni ya aibu kidogo ila Chunya ipo sana: udongo uliogeuzwa. Maeneo haya yamechimbwa zaidi ya miaka mia, kuna vifusi vya wakoloni, vya wazee wetu, na marudio (mchanga ulioshaoshwa) ya juzi juzi, miti imeshaota juu na unaona msitu tu. Ukichimba ukutani uone matabaka hayana mpangilio, mfinyanzi mweupe uko juu ya udongo mweusi, kuna mkaa au kipande cha chupa mita moja chini, hapo unaosha kifusi cha mtu. Sio mbaya, osha, ila usianze kutafuta mwendelezo wa mwamba kwenye kifusi.

Dalili: mtoni ipo, mlimani huuoni mwamba

Hapa dawa ni miguu na karai, hakuna njia ya mkato, na mimi naamini hii njia ya zamani kuliko vile vifaa vya kutafuta dhahabu ambavyo vijana wanakopa hela kuvinunua. Vile vinasikia nageti na misumari, dhahabu laini ya unga haviisikii kabisa, na udongo mwekundu wenye kutu nyingi unavipigisha kelele siku nzima.

Panda na kijito ukiosha kila kinapoungana na kingine. Chenga zikiendelea kulia, fuata kulia. Zikikatika ghafla mtoni maana yake zinaingilia pembeni, sa hapo toka mtoni upande mteremko. Kata mstari wa kukinga mlima, sio wa kupanda, chukua karai moja kila hatua kumi hivi, kipimo kile kile cha udongo kila mara (ndoo ile ile, ijae vile vile, hapa ndo watu wanaharibu), na udongo uchukue chini ya ule mweusi wa majani, kwenye lile tabaka la kokoto linalokaa juu ya jiwe lililooza, maana dhahabu nzito inashukia hapo. Hesabu chenga, andika. Panda juu hatua ishirini, kata mstari mwingine. Utaona upana wa eneo lenye chenga unapungua kadiri unavyopanda na chenga zinazidi kuwa na kingo kali, halafu mstari mmoja utakuta hamna kabisa. Mwamba uko kati ya mstari wa mwisho wenye chenga na huo usio na kitu. Rudi hapo katikati, chimba mtaro unaopanda na mlima mpaka kwenye jiwe lililooza, sio shimo la mviringo, mtaro.

Vichuguu navyo usivipite. Mchwa wanashuka kutafuta maji na udongo wenye unyevu, wanapanda nao juu, na chenga ndogo ndogo zinapanda humo humo. Pale ambapo udongo wa kuja umefunika kila kitu, kichuguu kinakupa sampuli ya chini bila kushika sururu. Osha udongo wa kichuguu, linganisha na wa pembeni yake.

Dalili: mwamba ulikuwa umelalia upande mmoja, mkaufuata, ukakatika

Kwenye mteremko jiwe lililooza linateleza kuelekea bondeni polepole na kichwa cha mwamba kinakunjwa nalo. Mita mbili tatu za juu zinakuonyesha kichwa cha mwamba kimeinamia bondeni, yani ukishuka nao unaingia mlimani, kumbe chini umesimama wima au ukishuka unaelekea bondeni kabisa. Watu wanafuata ule mlalo wa uongo wanachimba kutoka nje ya mwamba. Kabla ya kuweka matimba (magogo ya kuzuia kuta), shusha kishimo cha kupima mpaka upate jiwe ambalo michirizi yake haijavurugika, pima mlalo hapo.

Dalili: mmefika maji, jiwe limekuwa gumu na la kijivu, karai limekufa lakini maabara inasoma

Hii ni tofauti kabisa na zile za juu na tafadhali msizichanganye. Juu pairaiti ilishaoza, dhahabu ilikuwa huru, karai na mwalo vikaikamata kirahisi. Chini ya maji hewa haifiki, pairaiti ni nzima, na sehemu ya dhahabu imefungwa ndani yake kwa chembe ndogo mno. Mwamba ni ule ule na hakuna aliyeiba, ila kuoza kulikuwa kunakufanyia kazi ya bure huko juu na sasa imeisha.

Pima hivi: osha sampuli yako, usitupe ile nzito nyeusi na njano inayobaki mwisho. Isage tena mpaka iwe laini kabisa, osha tena. Zikitokea chenga mpya, tatizo lako ni kusaga, karasha linatoa mchanga mkubwa mno. Zisipotokea peleka maabara ukiomba vipimo viwili kwa sampuli moja: jumla ya dhahabu kwa moto, na ile inayotoka kwa sayanaidi (kemikali ya sumu inayoyeyusha dhahabu) kwenye chupa ya kuzungushwa. Jumla ikiwa nane na sayanaidi ikatoa saba, mwalo wako na karai ndo vya kulaumu, kuna hela kwenye marudio yako usiyauze kwa bei ya kutupa. Jumla nane na sayanaidi mbili, basi gramu sita zimefungwa, na kwa mtambo wa kijijini hazitoki, hapo ni biashara ya mtu mwenye mtambo mkubwa.

Kuna wanaochoma mchanga kwenye bati ili pairaiti ife. Kikemia inafanya kazi, ila miamba ya huku ina risasi na sehemu nyingine aseniki, moshi ule unaingia kwa aliyechoma na kwa watoto wa jirani. Siishauri.

Na ikiwa maabara nayo inasoma chini? Basi ulikuwa unakula ule utajiri uliotua karibu na maji na umekwisha, mwamba umerudi kwenye kiwango chake cha asili. Inauma lakini ni jibu. Wenye mitaji wa zamani waliendelea kushuka pale Saza mpaka miaka ya 1950 kwa sababu kiwango cha jiwe bichi kilikuwa kinalipa gharama zao, sio kwa sababu walikuwa na uvumilivu kuliko wewe.

Dalili: sampuli moja, majibu matatu tofauti

Kabla ya kusema maabara ni matapeli, piga hesabu hii. Chenga moja ya mviringo yenye upana wa milimita moja ina uzito wa miligramu kama kumi. Ikiingia kwenye karai la kilo mbili, hilo karai limesoma gramu tano kwa tani. Isipoingia, sifuri. Chenga moja! Na maabara wanayeyusha gramu 30 au 50 tu, chenga hiyo ikiangukia kwenye gramu 50 inasoma gramu 200 kwa tani, mtu anauza ng'ombe wa baba mkwe kwa karatasi hiyo.

Eneo lililooza lina shida hii zaidi kwa sababu dhahabu huko huwa imeachiwa huru, na pengine imekua kubwa au imejikusanya sehemu. Dawa ni sampuli kubwa, kilo ishirini na kuendelea, ukutani kote kwa mfereji mmoja wa upana sawa kutoka juu mpaka chini sio kudonoa pale panapometa, ponda zote, changanya, gawa robo robo, ndo upeleke. Ukidonoa panapometa unapima tamaa yako.

Kuhusu kumeta: maika (madini ya vipande vyembamba kama karatasi) iliyooza nayo inakuwa ya njano inang'aa kweli, kwenye karai inaelea na kuzunguka zunguka na maji. Dhahabu haina mchezo huo, inalala chini. Pairaiti ukiigonga inakuwa unga mweusi, dhahabu inapondeka tu bapa.

Dalili: dhahabu unaiona kwa macho, mekyuri haishiki

Chenga iliyokaa kwenye udongo wa kutu huvaa koti jembamba la chuma au mfinyanzi, mekyuri inaigusa koti haigusi dhahabu. Wengi wanaongeza mekyuri, yani wanaongeza sumu na hela. Usiongeze. Sugua mchanga mzito ule kwenye ndoo na mchanga mkavu mkali na maji kidogo, usugue haswa, mwaga mfinyanzi, rudia, koti litatoka. Angalia pia mafuta ya mashine, tone la dizeli linafanya dhahabu laini ielee na kutoka na maji, weka sabuni kidogo ya unga. Ukifika hapo mara nyingi utakuta karai peke yake limetosha na mekyuri haina kazi. Na marudio yaliyoguswa na mekyuri usiyapeleke kwenye sayanaidi, sayanaidi inaiyeyusha na mekyuri pia, unachafua kaboni (mkaa wa kunasia dhahabu) na maji ya watu.

Dalili: kwenye vati (tangi la kulowekea mchanga) sayanaidi haipiti, au inapita lakini inaisha haraka

Haipiti: mfinyanzi. Jiwe lililooza lina unga mwingi unaoziba, maji yanatafuta ufa mmoja yanapita hapo na tani zote pembeni zinabaki kavu. Usikanyage mzigo wakati wa kupakia, changanya na mchanga mkubwa au marudio ya jiwe gumu, au viringisha udongo na saruji kidogo na chokaa ushikane vidonge kabla ya kupakia.

Inaisha haraka: angalia rangi. Mabaka ya kijani ni shaba iliyooza, inakunywa sayanaidi kabla dhahabu haijapata zamu, mzigo huo uuweke kando usichanganye na mzuri. Kama hakuna kijani, pima asidi. Jiwe ambalo pairaiti yake ndo inaendelea kuoza, hasa lile la eneo la mchanganyiko karibu na maji, linatoa asidi kila siku, na sayanaidi kwenye asidi inageuka gesi inayoua. Weka chokaa kwanza mpaka kipimo cha pH kikae kumi na nusu hivi, ndo sayanaidi iingie, na ukipima asubuhi upime na jioni.

Dalili: ukuta unadondosha vipande vidogo

Toka. Hii haina uchunguzi. Jiwe lililooza likinywa mvua linapoteza nguvu, na lile lile linalokatika kirahisi kwa sururu ndilo linaloporomoka. Kuanzia Desemba mpaka mvua zikatike matimba yasiwe ya kuhesabu hela.

Dalili: dhahabu ya mtoni bei nzuri, ya mwamba wako wanasema ina asilimia ndogo

Hapa wengi wanadhani wanunuzi wameungana. Kumbuka ile fedha iliyochanganyika ndani ya chenga. Fedha inayeyuka kwenye maji ya asidi kirahisi kuliko dhahabu, kwa hiyo chenga iliyokaa muda mrefu kwenye udongo au mtoni imepoteza fedha kwenye ngozi yake, imebaki njano iliyokolea. Ya jiwe bichi bado ina fedha yake yote, imepauka kidogo, na kweli asilimia yake ni ndogo. Duara hilo hilo moja linaweza kutoa dhahabu nzuri juu na iliyopauka chini.

Ila kuna mtego unaofanya kazi pande zote mbili. Ile mashine ya mionzi ambayo wanunuzi wanapimia asilimia inasoma ngozi ya juu tu, na ngozi ya dhahabu ya udongo ni safi kuliko moyo wake. Ukipimiwa chenga mbichi utaambiwa asilimia kubwa, ukafurahi, wakiyeyusha namba inashuka na unahisi umeibiwa mbele ya macho. Tangu masoko ya madini yafunguliwe 2019 ugomvi huu nimeusikia sana pale Chunya mjini. Ukienda kuuza usikubaliane bei kwa namba ya chenga, yayeyushwe kwanza ukiwa umesimama hapo hapo, kitufe (kidonge cha dhahabu iliyoyeyushwa) kipoe, kipigwe mashine juu na chini, ndo muanze kuongea hela.